Kumuaga au Kumwaga? Somo Kuhusu Buriani ya Mnyama

Wale waliohudhuria mkutano wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita watakikumbuka kicheko cha siku ile. Kwa wale ambao hawakuwapo nitasimulia kwa kifupi, kisha tuingie katika somo lenyewe, kwa maana somo limo ndani ya kicheko hicho.

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mkaazi wa Kawangware, alisimama kusoma insha yake kuhusu siku ya huzuni. Huzuni yake ilikuwa ya paka. Paka huyo alikuwa ameishi nao miaka saba katika chumba kimoja, akafa baada ya kula panya aliyekuwa amekula sumu. Msichana alisoma vizuri, sauti ikitetemeka kidogo, hadi alipofikia sentensi hii: "Jioni hiyo tulimwaga paka wetu." Papo hapo sauti ikatoka nyuma: "Mlimmwaga wapi, kwa pipa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Yule msichana akakunja karatasi yake, akaketi, na insha ile haikumalizwa.

Naandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi: yule msichana hakukosea. Ya pili ni kwamba swali la "kwa pipa?" ndilo wanaloulizwa watoto wa Kibera na Kawangware kila wanapofiwa na mnyama, na sijawahi kusikia likijibiwa kwa utulivu.

TUANZE NA SARUFI

Kitenzi ni -aga. Ukitaka kuonyesha yule anayeagwa, naye yuko katika ngeli ya A-WA, unatia kiambishi cha mtendwa -m-. Kiambishi hicho kikikutana na irabu hugeuka -mw-. Ndiyo sababu tunasema alimwona, alimwita, alimweleza. Kwa kanuni hiyo hiyo tunapata tu-li-mw-aga. Tatizo ni kwamba kuna kitenzi kingine kizima, -mwaga, chenye maana ya kumimina au kutupa kitu ambacho aghalabu hakitakiwi tena, kama maji machafu au taka. Hicho nacho kinatupa tu-li-mwaga. Maneno mawili yamevaa shati moja. Kwa ajili ya kuepuka utata huo, waandishi wengi huandika "kumuaga" na "tulimuaga", nami nawashauri mfanye vivyo hivyo katika mtihani. Lakini mwalimu akikupiga wino mwekundu kwa "tulimwaga" ukiwa umekusudia buriani, una haki ya kujitetea. Jitetee kwa adabu tu.

Sasa tazameni jambo lililo kubwa kuliko hilo. Mbwa akiwa hai tunasema: mbwa huyu anabweka. Yuko katika ngeli ya A-WA pamoja na mtu, mwalimu na malaika. Akikata roho tunasema: mzoga huu unanuka. Amehamia ngeli ya U-I, amekaa na mti, mkoba na mfereji. Je, binadamu naye akifa? Marehemu yule alikuwa mwema. Maiti huyu atazikwa kesho. Bado A-WA! Yaani binadamu hufa na ngeli yake, lakini mnyama hupokonywa ngeli kabla hajapoa.

Si ngeli peke yake. Mtu hufariki, huaga dunia, hututoka. Mnyama hufa basi. Mtu huzikwa, mnyama hufukiwa. Mtu ana kaburi, mnyama ana shimo. Mtu hutolewa tanzia, watu wake hukaa matanga na kupokea rambirambi. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ana majina mawili, nyamafu na kibudu, na yote mawili yanajibu swali moja tu: je, analiwa au haliwi? Hata neno maiti lina kisa chake. Tumelipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu chenyewe nyamafu huitwa kwa neno la mzizi huo huo. Ni sisi wasemaji wa Kiswahili tuliochukua mzizi ule tukampa binadamu peke yake, mnyama tukamtafutia neno jingine.

Nilipofika hapa katika utafiti wangu mdogo wa kamusi nilikaribia kukata tamaa, nikadhani lugha yetu imekwisha kuamua kesi. Kisha nikakutana na neno buriani. Buriani ni neno la kuagana na kutakana radhi. Halihitaji maiti wala sanda. Anayesafiri baharini huwapa jamaa zake buriani akiwa mzima kabisa. Neno hili halidai kwamba unayeagana naye anakwenda peponi, wala halimpandishi cheo asichokuwa nacho. Linasema hivi tu: tulikaa pamoja, sasa tunatengana, nikikukosea unisamehe. Ninavyoona mimi, hilo ndilo deni letu kwa mnyama tuliyempenda. Mazishi ni jambo jingine. Wengi wanaobishana juu ya suala hili wanabishana kwa sababu wameyachanganya hayo mawili.

MBWA WA LAINI SABA

Nitoe mfano wangu mwenyewe, maana si haki kuandika juu ya kilio cha mwenzangu nikauficha wangu.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Bosi. Hakuwa wa kabila lolote la mbwa linalojulikana. Alikuwa mbwa wa mtaa, mwekundu, sikio moja limeliwa. Aligongwa na gari asubuhi moja nilipokuwa shule ya msingi. Tulikuwa watoto wanne, tukamtia katika gunia la makaa tukasimama hapo tusijue pa kwenda. Mtu asiyekaa Kibera huenda asielewe ugumu ulikuwa wapi. Nyumba zetu ni za mabati na udongo, mlango wa huyu unatazamana na mlango wa yule, na katikati kuna mtaro. Ua hatuna. Kando ya reli huwezi kuchimba. Mto Ngong ungetupokea bila maswali, kwa sababu hupokea kila kitu, lakini dada yangu alikataa katakata. Alisema ameona mbwa wakielea mle, na Bosi hataelea.

Mama mmoja jirani, mwenye roho nzuri kabisa, alituona akasema: "Watoto wangu, mbwa hazikwi. Mbwa hutupwa." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatufundisha Kiswahili.

Tukalibeba gunia hadi Makina, ambako dada alikuwa akimtekea maji mzee mmoja Mnubi. Kwa wasiojua, Wanubi ndio wenyeji wa siku nyingi wa Kibera. Babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles waliotoka upande wa Sudan, wakapewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa latokana na neno lao kibra, yaani msitu. Mzee yule alikuwa na kipande cha bustani nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Tulipomweleza shida yetu tulitarajia atufukuze, kwa sababu yeye ni Mwislamu na hiyo gunia ilikuwa na mbwa. Badala yake akanyamaza kidogo, akauliza: "Mnajua ni nani aliyemfundisha mwanadamu kuzika?" Tukasema hapana. "Kunguru," akasema.

Akatusimulia kisa cha watoto wawili wa Adamu, kilichomo katika Sura ya 5 ya Kurani. Mmoja alimuua ndugu yake, kisha asijue la kufanya na mwili ule. Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi, ili muuaji aone namna ya kumsitiri nduguye. Naye muuaji akajilaumu kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru. "Sasa," akasema mzee, "somo la kuzika tumelipata kwa ndege. Tutamnyimaje mnyama shimo?"

Akatuonyesha mahali, akatupa jembe. Yeye mwenyewe hakumgusa mbwa, nasi akatuagiza tunawe vizuri tukimaliza. Tulipomshusha Bosi, kaka yangu mdogo alitaka kuanza "Baba yetu uliye mbinguni." Mzee akamzuia kwa upole. "Huyu hana dhambi ya kuombewa, mjukuu wangu. Wenye dhambi ni nyinyi. Mwombeni radhi, mfunike."

Basi tukamwomba radhi, mmoja mmoja. Dada alisema samahani kwa zile siku alizosahau kumpa maji. Kaka mdogo alisema samahani kwa kumfunga mkebe mkiani. Mimi niliomba radhi kwa siku niliyompiga na kuni kwa kosa la kula nyama ambayo, ukweli ni kwamba, niliila mimi. Sikuwahi kulisema hilo mbele ya mtu yeyote kabla ya hapo. Mama alikuja kulijua baadaye, lakini hayo ni mengine.

Sherehe yote ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Hapakuwa na padri wala shehe, na hakuna aliyedai kwamba Bosi anatusubiri mbinguni.

DINI ZASEMAJE?

Nimewauliza walimu wa dini zote mbili hapa shuleni. Katika Uislamu, kuoshwa, kuvishwa sanda na kuswaliwa ni haki ya binadamu Mwislamu, mnyama hafanyiwi. Lakini kumfukia mnyama si dhambi. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo, katika Hadithi za Mtume mna habari za mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi yake. Na mna habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote hujulikana kwa jina la Abu Huraira, maana yake mwenye kipaka.

Upande wa Wakristo, kanisa halina misa ya wafu kwa ajili ya wanyama. Makanisa kadhaa ulimwenguni huwabariki wanyama wakiwa hai karibu na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Katika Biblia, mimi hukivutiwa zaidi na kisa cha Nabii Nathani katika 2 Samweli 12, cha maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, akamlea nyumbani pamoja na watoto wake, akala chakula chake na kulala kifuani pake kama binti. Tajiri alipomchukua mwanakondoo yule akamchinja, Mfalme Daudi aliposikia alighadhibika hata akataka tajiri auawe. Hakuna aliyemwambia maskini yule, "Si ni kondoo tu?" Na mwandishi wa kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 3, anauliza ni nani ajuaye kama roho ya mwanadamu hupanda juu na ya mnyama hushuka chini. Akaliacha liwe swali. Nami nani niliye hata nilijibu katika jarida la shule?

Kwa hiyo yule anayetaka kumfanyia paka ibada kamili ya mazishi, yenye mahubiri na sadaka, mimi simuungi mkono. Anachukua vazi la mtu na kumvika asiye wake. Lakini anayesema kwamba dini inatuamuru kumtupa mnyama pipani bila neno, huyo naye anasingizia dini.

NA MILA JE?

Husemwa mara nyingi kwamba kumlilia mnyama ni uzungu. Haya na tuitazame mila.

Wakikuyu, ambao nchi ya Dagoretti na Kawangware ni ya mababu zao, zamani hawakuwa wakizika kila mtu. Kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye mali na uzao. Wengi walipelekwa msituni, na fisi wakafanya kazi yao. Si kwamba hawakupendwa. Kugusa maiti kulileta unajisi uliohitaji kutakaswa. Desturi ya kuzika kila mtu ilienea pamoja na wamishenari na serikali ya kikoloni. Kumbe nani anastahili kaburi ni jambo lililobadilika papa hapa, katika vizazi vichache.

Kaskazini, kwa Waturkana na Wapokot, mwanamume alikuwa na dume mmoja wa ng'ombe aliyempenda kupita wote. Alichukua jina kutokana na rangi au pembe za dume huyo, akamtungia nyimbo na kuziimba mbele za watu. Mtu wa namna hiyo dume wake akifa, utamwambia analia kizungu?

Na wenzetu wa Luo na Luhya, ambao ni wengi Kibera, huwapa ng'ombe nafasi matangani pa binadamu. Katika tero buru ya Wajaluo, mafahali hukimbizwa ili kukifukuza kifo kilichoingia bomani mwa mzee. Mnyama anatusaidia kumuaga mtu. Ni zamu ya mtu kumuaga mnyama ndiyo inayotuletea aibu.

Naona shida yetu ya mjini si mila, ni ardhi. Katika nchi hii hata binadamu hugombaniwa kaburi. Wazazi wetu wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, asizikwe mpaka Mei 1987, mahakama zikiamua azikwe karibu na Nairobi au kwao Nyalgunga, Siaya. Wanubi wa Kibera nao walingoja hadi 2017 ndipo wakapewa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi waliyoishi kwa karne nzima. Makaburi ya Lang'ata, ambayo ni jirani zetu, yamesemwa kwa miaka mingi kwamba yamejaa. Mahali ambapo mtu mwenyewe husafirishwa usiku kucha kwa basi ili apate futi sita kijijini, mbwa atazipata wapi mbili?

Lakini tazameni vile mambo yanavyogeuka mnyama akiwa mashuhuri. Ndovu Ahmed wa Marsabit alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alipokufa mwaka 1974 alihifadhiwa kwa ajili ya taifa, na sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wengi wetu tumepigwa picha mbele yake katika ziara za shule. Simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson, alikufa Januari 1961, na kaburi lake liko katika Mbuga ya Meru hadi leo. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini aliyekuwa dume wa mwisho wa jamii yake, alikufa tarehe 19 Machi 2018 huko Ol Pejeta, Laikipia, akiwa na umri wa miaka 45. Dunia nzima ilitangaza tanzia yake. Hapo Ol Pejeta pana makaburi ya vifaru, kila mmoja na bango lenye jina lake na namna alivyokufa, wengi wao kwa risasi za majangili. Watu husimama pale na kuvua kofia. Hakuna anayeuliza "kwa pipa?" Sudan alikuwa na walinzi wenye bunduki, na Bosi alikuwa na watoto wanne na gunia, hiyo ndiyo tofauti ninayoiona.

Ndovu wenyewe hawahitaji kufundishwa. Mwaka 2003 huko Samburu, ndovu jike mkubwa ambaye watafiti walimwita Eleanor alianguka. Jike wa ukoo mwingine alijaribu kumwinua kwa pembe zake. Eleanor alipokufa, ndovu wa koo mbalimbali, hata zisizo na udugu naye, walifika kwa siku kadhaa, wakamgusa na kumnusa na kusimama karibu naye. Iain Douglas-Hamilton na wenzake waliandika habari hizo mwaka 2006. Kama walikuwa wakiomboleza au la, siwezi kusema. Lakini walikuja.

Nje ya Afrika Mashariki sitakaa sana. Herodoto, Mgiriki wa kale, aliandika kwamba nyumba ya Kimisri ikifiwa na paka, wote waliomo walinyoa nyusi zao. London kuna makaburi ya mbwa katika Hyde Park tangu miaka ya 1880. Japani, mahekalu ya Kibudha huwafanyia wanyama wa nyumbani ibada. Hao wana viwanja vyao na fedha zao, turudi kwetu.

PUNDA WA KAWANGWARE

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Kila nikiisikia methali hii namkumbuka kijana mmoja mchuuzi wa maji, Kawangware. Punda wake alimfanyia kazi miaka mingi, akivuta mkokoteni wa mitungi kutoka alfajiri. Siku alipoanguka asiinuke, kabla jua halijatua watu wawili walikuwa wamekwisha kufika kuuliza bei. Hawakuja kumpa pole. Walitaka ngozi, na nadhani nyama pia.

Biashara hiyo ina historia. Tangu mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa kwa kibali hapa Kenya, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, jambo likafika mahakamani, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Yule kijana alikataa pesa zile, naye hakuwa tajiri wa kukataa pesa. Alilipia gari limchukue punda hadi shambani kwa mjomba wake, wakamfukia huko. Kisha akazitundika hatamu ukutani, na kwa siku tatu hakuuza maji. Nilipomuuliza kwa nini siku tatu, alicheka akasema, "Si ndiyo matanga? Huyo buda alinilipia school fees za watoto."

KABLA YA KUCHIMBA

Mwalimu wetu wa Baiolojia ameniomba niongeze haya, na ni ya lazima. Jambo la kwanza ni kujua mnyama amekufa kwa nini. Akifa ghafla huku damu ikimtoka puani au sehemu nyingine za wazi, huenda ni kimeta. Usimpasue, usimchune, usimle. Mbegu za ugonjwa huo huishi udongoni miaka na miaka. Mwiteni daktari wa mifugo. Mbwa aliyebadilika tabia, akang'ata ovyo, akatokwa mate na kulegea taya, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe kwa mikono mitupu, na habari zake zipelekwe kwa maofisa wa mifugo, kwa kuwa ubongo wake huchunguzwa katika maabara ya Kabete. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Asingoje dalili, maana dalili zikitokea hapana tiba. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na mbwa wenye kichaa kufikia mwaka 2030, na kuwachanja mbwa ndiyo njia.

Aliyekufa kwa sumu asitupwe kamwe mahali ambapo wengine watamla. Hivyo ndivyo paka wa msichana wetu alivyokufa, kwa panya ambaye mtu alimtupa. Shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, mto na mabomba. Na ukiwa huna pa kuchimba wala hujui la kufanya, waulize maofisa wa mifugo wa kaunti au chama cha kuwatunza wanyama, KSPCA, kilichoko Karen. Asili yake ni ya mwaka 1910, kwa hiyo swali lako hawatalisikia kwa mara ya kwanza.

INSHA ILIYOKATIZWA

Baada ya mkutano ule nilimtafuta yule msichana nikamwomba radhi. Akanipa ile karatasi iliyokunjwa nikaisoma hadi mwisho, nikajua walimmwaga, samahani, walimuaga wapi.

Mamake alimtia paka katika katoni ya maziwa, wakapanda matatu hadi Kikuyu, kwa nyanyake, ambako kuna shamba. Njiani makanga aliinyooshea katoni kidole, akauliza: "Mathe, hiyo ni nini?" Mamake akajibu: "Ni mtu wetu." Makanga akaitikisa kichwa, akaisukuma katoni chini ya kiti kwa mguu, akadai shilingi ishirini za mzigo. Mamake alilipa, kisha akaivuta katoni akaipakata magotini hadi mwisho wa safari.

Insha yenyewe imechapishwa katika ukurasa unaofuata. Mhariri alitaka kusahihisha "tulimwaga", mwandishi akakataa, nalo limeachwa kama lilivyo.